UZI: Mzee wa miaka 64, tromboni na chumba cha sambusa (wapenzi wa muziki wa laivu ingieni)

FidlaYaKikwajuni

Asalaam aleykum jamaa zangu wa Unguja, wa Pemba na nyie mlioko Maskati na Uingereza huko mnaosoma tu hamchangii. Uzi huu niko nao kichwani tokea Ramadhani, kila nikikaa niandike ama bando linakata ama mtoto analia, leo nyumba yote imelala na buli la chai ya mchaichai liko pembeni kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho msinirukie.

N'nataka kuzungumza rekodi moja tu ya laivu, ya mzee wa Kimarekani akiitwa J.J. Johnson, mpiga tromboni. Nawasikia mnasonya huko nyuma ati "jazz tena", haya sonyeni mkimaliza mrudi.

Mie ni mtu wa fidla, mjue kabisa. Nimezaliwa kwenye taarab, mchana niko bandarini Malindi nahangaika na makaratasi ya mizigo ya watu, usiku niko mazoezini. Jazz hainihusu. Ila nilikuwa na ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia kwenye meli za watu miaka na miaka, wenzake wakirudi na friji na magodoro yeye karudi Kikwajuni na sanduku la chuma limejaa kaseti na CD. Mkewe alimsema mpaka akachoka kumsema.

Sasa mnaukumbuka ule msimu wa kiza? Desemba 2009 waya wa umeme unaotoka bara chini ya bahari ulipokufa, Unguja nzima kiza mpaka Machi 2010, miezi mitatu watu wanateka maji kwa ndoo manake pampu haziendi, wenye hoteli majenereta yananguruma usiku kucha na sie wengine mishumaa na taa za chemli. Ami akaazima betri ya gari kwa jirani, akaunga redio yake ya CD, akatukalisha barazani akasema leo nakupelekeni New York hapahapa na kiza chenu. Akatia CD inaitwa Quintergy.

Ikaanza kupiga, tromboni inazungumza taratibu, watu waliokuwemo ukumbini wanapiga makofi, na katikati ya pale nikasikia vikombe vinagongana, ting ting ting. Nikasema loh, hawa wamerekodi mpaka vikombe! Kumbe ni muuza kahawa anapita kichochoroni kwetu kwenye kiza na vikombe vyake mkononi. Baraza zima tulicheka mpaka ami akairudisha mwanzo. Na wallahi nakwambieni, baada ya miaka nikaja kuisikiliza peke yangu kwa iyafoni, ile nyimbo ilipofika pale nikawa navisubiri vikombe havikuja. Nikaona kama imekatwa.

Ngojeni nilale kidogo kesho nimalizie.

MtuWaMoro

Mkuu karibu jukwaani, ila umeniacha njiani. Jazz ninayoijua mimi ni Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz, Nuta Jazz. Hiyo ya tromboni peke yake ndo ipi? Gitaa la solo liko wapi hapo?

SitiWaWete

Nakaa nasubiri mwendelezo. Na mie niulize, mzee wa miaka 64 bado ana pumzi ya kupuliza lidude lile? Babu yangu ana 60 akipanda ngazi moja anakaa kitako.

FidlaYaKikwajuni

Nimerudi, samahanini, meli iliingia na kontena moja likawa na karatasi za kontena jengine, siku nzima imekwenda.

Kaka wa Moro umeuliza suala zuri kuliko unavodhani. Wazee wetu walilichukua jina tu. Tokea miaka ya 1930 zilikuwa zinakuja huku sahani za santuri za chapa ya GV, muziki wa Cuba, rumba na son, na hiyo ndo ikawa roho ya dansi letu, jina juu ya ngoma limeandikwa "Jazz" lakini ndani mna rumba na Kiswahili. Hakuna ubaya, jina zuri mtu anavaa. Hii ya J.J. ndo ile jazz yenyewe ya Wamarekani weusi, watu watano tu: yeye tromboni, Ralph Moore saksafoni, Stanley Cowell piano, Rufus Reid besi ile kubwa ya kusimama nayo, na Victor Lewis ngoma. Gitaa hamna kabisa, pole.

Huyo wa saksafoni kazaliwa London, na huyo wa piano alikuwa akipiga na marimba ya vidole, ile ile jamaa ya ilimba ya Wagogo, kairekodi tokea miaka ya 70. Kwa hiyo usiseme mbali sana.

Waliporekodi ilikuwa Julai 1988, ukumbi unaitwa Village Vanguard, New York. Ukumbi nasema kwa heshima tu. Ni chumba chini ya ardhi mtaa wa Seventh Avenue South, unashuka ngazi 15, na kimekaa pembetatu kama sambusa, jukwaa liko kwenye ile ncha. Watu 123 tu, wakizidi hawaruhusiwi. Sebule ya hoteli ya Bwawani ingekimeza hicho chumba na kingine. Lakini bwana mmoja Max Gordon alikifungua 1935 na humo magwiji wa jazz wamerekodi laivu, Sonny Rollins 1957, Bill Evans na John Coltrane wote wawili mwaka mmoja 1961. Yaani mtu akishuka zile ngazi na ala yake mkononi anajua nani kamtangulia. Ni kama kijana apewe fidla akae kiti alichokikaa bwana mkubwa wa kikundi aliyekufa, na ukumbi mzima unamtizama vidole. Huyo Max Gordon mwenyewe alifariki 1989, kwa hiyo J.J. anapiga mwenye nyumba bado yuhai, mwaka haujafika.

Bibie wa Wete, pumzi. Hapo ndo penyewe. J.J. kazaliwa Januari 1924 mji wa Indianapolis, kwa hiyo siku ile ana 64. Ujanani alikuwa moto. Kapiga na bendi ya Benny Carter, ya Count Basie, karekodi na Charlie Parker 1947. Mnaomjua Parker mnajua ile kasi, saksafoni inakwenda kama mtu anafukuzwa na mbwa. Sasa tromboni kuifukuzia kasi ile watu waliona haiwezekani, na yeye akaiweza, mpaka kuna watu wakisikia sahani zake wakibisha kwamba hiyo si tromboni ya kuvuta, ni ile ya vitufe.

Halafu 1970 akahamia California akawa anatunga muziki wa filamu na televisheni, zile sinema za miaka ya 70 za Wamarekani weusi, mkono wake umo mwingi. Jukwaani akawa haonekani, miaka inakwenda, akaja kurudi kwenye kupiga kwa nguvu zote 1987, na mwaka mmoja baadae ndo hiyo rekodi.

MzeeWaBeni

Salaam wajukuu. Mimi nimepuliza tromboni kwenye beni miaka zaidi ya thalathini, harusi za Ng'ambo zote mnazijua, tunatembea nyuma ya bibi harusi jua kali ngoma zinapiga na akina mama wanaitikia. Nimeusoma uzi nikaona niseme neno manake naona mnazungumzia kitu changu.

Tarumbeta ina vitufe vitatu. Ukibonya nota iko pale, imekaa inakusubiri. Tromboni haina. Ina lile bomba la kuvuta tu, na sehemu za kusimamisha mkono ni saba, kila ukitoka moja kwenda ya pili unashuka nusu sauti. Hakuna alama. Hakuna mstari uliochorwa. Mkono unakwenda na sikio ndo linalokwambia simama hapa. Ukizidisha kidogo tu umeharibu na watu wote wamesikia manake chombo chenyewe hakina aibu, kina sauti.

Na kitu cha pili. Ukivuta bomba huku unapuliza inatoka ile "wuuuuu" ya kuteleza. Sisi kwenye beni tunaipenda, watoto wanacheka, inanogesha harusi. Lakini ukitaka nota zitoke safi moja moja kwa kasi, lazima ulimi uzikate kila moja ndani ya kinywa na mkono ufike kabla ya ulimi. Ulimi na mkono wasikose kuonana hata mara moja. Mimi nimejaribu ujanani, nikaona bora niende zangu harusini.

FidlaYaKikwajuni

Shikamoo mzee wangu! Umenifungua macho mie mwenyewe. Naomba radhi nilikuwa najifanya najua.

Lakini oneni alivosema mzee: hakuna alama, sikio ndo linalokwambia. Hiyo ni fidla! Ni udi! Udi hauna vyuma kwenye shingo kama gitaa, fidla vilevile, unatafuta nota kwa sikio na ndo maana tunaweza kuzipata zile sauti za katikati, ukitaka maqamu ya Bayati, ule mpango wa sauti wa Kiarabu, ikae Bayati kweli, robo sauti ile haimo kwenye piano. Mtu wa akodiani hawezi hata akilia. Kumbe tromboni ni ndugu yetu kabisa, kakulia nyumba nyengine tu. Ndo nikafahamu kwa nini mie mpiga fidla niliingia kwa tromboni nisiingie kwa saksafoni.

Na hivi wanavofanya hawa, wanapiga nyimbo yenyewe kwanza, halafu kila mmoja anaachiwa aseme yake kwa moyo wake juu ya ile ile nyimbo, si taksimu hiyo? Tofauti taksimu yetu mara nyingi mtu anapiga peke yake na mapigo yamesimama, wao mapigo hayasimami, ngoma inamsukuma nyuma na piano inamtilia maneno mdomoni. Na watu hawangoji nyimbo iishe, mtu akimaliza taksimu yake anapigiwa makofi palepale wenzake wanaendelea. Mwanzo niliona utovu wa adabu. Halafu nikajiuliza, kwani sie tunangoja? Bi fulani anaimba ubeti wa pili na mtu kashainuka na noti zake anakwenda kumtunza huku anacheza na njia nzima!

Mchunguzi_77

Nakukosoa kidogo mwenye uzi usije ukapotosha watu. J.J. hakupotea jukwaani moja kwa moja hiyo miaka ya California. 1977 alikwenda Japani na Nat Adderley na iko rekodi yao ya laivu, Yokohama. Kwa hiyo "haonekani" si neno.

Pili, kwa maoni yangu hii ya 1988 ni ya mzee aliyepoa. Anayetaka kumjua J.J. akatafute zile za miaka ya 50, alipokuwa na Kai Winding, tromboni mbili zinajibizana kuanzia 1954, au zile alizopiga na Miles Davis, yule wa tarumbeta. Hapo ndo mtu alikuwa mtu. Mzee wa 64 anaheshimiwa kwa historia yake tu, kama mchezaji mpira aliyestaafu anapewa dakika tano za mwisho apigiwe makofi.

SitiWaWete

Eti dakika tano za mwisho, makubwa. Kwani Bi Kidude alipokuwa bibi kizee alikuwa anapewa dakika tano? Alikuwa akipanda jukwaani Ngome Kongwe na wale wenye sauti za asali wanakaa kimya. Mpaka anafariki Aprili 2013 watu wanamtaka yeye.

Jirani_wa_Ngome

Mwenyezi Mungu atuongoze. Mambo ya klabu za ulevi chini ya ardhi ndo ya kutuletea humu?

FidlaYaKikwajuni

Jirani yangu, mie sijashuka zile ngazi na sijanywa chochote zaidi ya kahawa chungu na kashata, nimesikiliza tu barazani kwetu na ami yangu swala tano. Tusameheane.

Mchunguzi umenikosoa kweli kuhusu Yokohama, nakubali, andiko langu nimelirekebisha kichwani. La pili sikubali hata unifunge.

Nimezisikiliza hizo za miaka ya 50, sikatai. Na nikupe moja usiyoitaja: kati ya 1952 na 1954 huyo huyo J.J. aliacha muziki uwe wa pembeni akaajiriwa kiwandani, Sperry, kazi yake kukagua michoro ya mitambo. Mtu aliyerekodi na Parker! Mchana anatizama michoro, chombo kimewekwa kabatini. Mie nikisoma habari ile bandarini na karatasi zangu za kontena mbele nilicheka peke yangu, mwenzangu ofisini akauliza una nini, nikamwambia hamna. Humu visiwani nani anayepiga taarab anakula taarab? Mwalimu, fundi cherehani, karani, dereva wa daladala, usiku ndo wanavaa kanzu na suti wanakuwa mabwana wakubwa.

Sasa sikia. Zile za ujanani zinanishangaza. Kila nota imo, hakuna mlango alioacha kuugonga. Lakini hii ya 1988 anaacha. Anasema neno, ananyamaza, anawaacha besi na ngoma wapite, watu ukumbini kimya unasikia kabisa kwamba wanangoja, halafu anakuja na nota mbili. Mbili tu! Na zote mbili mahala pake. Sauti yake yenyewe haitetemeki tetemeki, imenyooka, mviringo, kama mtu mzima anayezungumza chini chini na kila mtu anavuta kiti asogee. Kasi bado anayo, akitaka anakuonesha, ila haoneshi kwa sababu ya kuonesha.

Na huwezi kuyapata hayo studio. Studio unapiga mara sita wanachagua moja. Sahani za zamani zenyewe dakika tatu zimeisha, mtu kijana na haraka zake alikuwa analazimika aseme yote ndani ya dakika tatu, si kosa lake. Pale chumba cha sambusa mzee ana usiku mzima. Anajua watu hawaendi popote. Nyie mnaokwenda mazoezini kwetu mmeona yule bwana wetu wa udi, n'nani asiyemjua simtaji, ujanani vidole vilikuwa havionekani, sasa hivi anafungua bashrafu, ile nyimbo ya ala tupu ya kufungulia, kwa nota nne na unasikia nyumba nzima ya maqamu iko mlemle. Hajapoa. Kashamaliza kubishana na watu.

MtuWaMoro

Aisee. Mkuu nimeitafuta na bando langu la usiku nimeisikiliza. Mwanzo nilikuwa natafuta gitaa kwa mazoea. Ila kuna pale wanapoachana na nyimbo kila mmoja anakwenda kivyake nikapotea kabisa sijui wako wapi, ninyi mnajuaje wamefika wapi?

FidlaYaKikwajuni

Hahaha usijali kaka sote tulipotea. Ami alinifundisha ujanja mmoja: uimbe ile nyimbo ya mwanzo kimoyomoyo usiiache, iwe inazunguka kichwani mwako, wao watacheza juu yake lakini hawaihami, ni kama watu wanazungumza ndani ya nyumba, wanatoka chumba hiki wanaingia kile lakini nyumba ni ileile. Na ukipotea mfuate besi. Besi hapotei. Huyo Rufus Reid ukimshika yeye unarudi nyumbani salama.

Na anza na "Lament". Kaitunga J.J. mwenyewe, na 1957 Miles Davis akaipiga kwenye Miles Ahead na lile jopo kubwa la Gil Evans, tokea hapo imekuwa nyimbo ya watu wote. Jina lake kwa Kiswahili ni maombolezo tu. Haina haraka, huwezi kupotea.

SitiWaWete

Nimeisikiliza hiyo. Sijui jazz mie lakini nilikuwa nachambua mchele nikaacha. Kwani alifiwa?

FidlaYaKikwajuni

Aliitunga kijana bibie, katika hiyo miaka ya 50. Kufiwa kulimkuta baadae. Mkewe Vivian alifariki 1991, na mwaka uliofuata J.J. akarekodi albamu nzima ya nyimbo za taratibu tupu, akaiita Vivian. Yeye mwenyewe alikuja kuondoka 2001, Februari. Ukisikiliza ile "Lament" ya 1988 huku unayajua hayo inakuwa nzito, ingawa mwenyewe siku ile alikuwa hayajui yaliyoko mbele.

Ami yangu aliipenda hiyo kuliko zote. Alikuwa akiipiga hasemi neno, anatizama barabara. Alipofariki sanduku lake likagawanywa, kuna mtu wa ukoo, namstahi, aliyeuza CD kwa jumla kama vyuma chakavu, nilikuta chache tu zimebaki na Quintergy kasha lipo CD haimo. Hii nnayosikiliza skuizi nimeipata kwenye simu. Kasha nimelibakisha kabatini, lina doa la kahawa.

Mchunguzi_77

Pole sana ndugu yangu. Nimeirudia jana usiku kwa makini, nimezima taa. Bado nasema zile za miaka ya 50 na Kai... sawa, bado nasema. Ila pale kwenye kunyamaza nimekuelewa. Nilikuwa nikisikiliza nota sikuwa nasikiliza nafasi. Na kuna ya pili ya usiku zilezile za Julai, inaitwa Standards, watu walewale watano, chumba kilekile. Itafute.

FidlaYaKikwajuni

Ninayo! Hiyo ni nyimbo za watu wengine zaidi, zinazojulikana. Mtu mgeni anaweza kuanzia hiyo pia, manake nyimbo ukishaijua unasikia vizuri alipoipinda.

Nampa pole Mchunguzi kwa kukubali hadharani, humu jukwaani ni jambo la kihistoria.

Sasa mie nina langu. Mzee wetu wa beni, uko wapi? Nimekuwa nikiwaza siku zote hizi. Chombo unacho, pumzi unayo, nami fidla ninayo. Ile nyimbo ni taratibu, haitaki ulimi wa kasi wala mkono wa mbio, inataka sikio tu, na sikio lako miaka thelathini limo harusini. Tujaribu basi, ukumbi hatuna haja nao, barazani tu panatosha.

MzeeWaBeni

Mjukuu unanitafutia maradhi. Tromboni iko uvunguni mwa kitanda, bomba limeganda, nimepitisha mafuta ya nazi na kitambaa siku mbili mpaka likakubali kuteleza. Nitakwambia.

MtuWaMoro

Naweka kambi hapa sitoki.

Jirani_wa_Ngome

Mkipiga barazani msipige wakati wa adhana tu. Na mnitaarifu ni siku gani, nitaleta kahawa.

SitiWaWete

Haaa jirani! Na vikombe njoo navyo.

MzeeWaBeni

Salaam wajukuu. Nimempata kijana wa jirani kaniwekea nyimbo kwenye simu, nimeisikiliza siku tatu asubuhi na jioni. Jana baada ya isha nikakaa nje nikapuliza mwanzo wake tu, taratibu, bila ile wuuuu ya harusini. Mke wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni hakusema kitu, miaka yote nikipuliza huwa ananambia nende nikapulizie ufukweni.

Punde nikaona jirani wa mbele kafungua dirisha, kaja na kanga begani anauliza, samahani babu, nani kafa?

FidlaYaKikwajuni

Basi umeipatia babu. Jumamosi nakuja na fidla.